Mlinzi Kwanza, Nyumba Baadaye

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliotuachia methali hii walikuwa na maana ya daftari la karatasi, linalofungiwa kashani, na ufunguo wake ukakaa mfukoni mwa mwenye mali. Leo daftari hilo limehama. Katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, unaotoka Bujumbura ukapita Muhuta na Rumonge hadi Nyanza-Lac, kampuni ndogo ya kununua na kuuza mafuta ya mawese, au ya kukausha ndagala na kuzisafirisha mjini, huanza kuandika oda zake, madeni yake na majina ya wateja wake ndani ya kompyuta; na kompyuta hiyo, mara nyingi, haimo ofisini. Imo katika nchi nyingine, ndani ya jumba ambalo mwenye kampuni hajaliona wala hataliona, naye huilipia kodi kila mwezi kama alipiavyo ghala.

Jambo hili si baya hata kidogo. Ni hatua ya maendeleo, na wenye kuithubutu wanastahili pongezi. Tumeona yafaa kulizungumza leo kwa sababu wengi wanaoingia katika upangaji wa namna hii huanza kwa swali ambalo si la kwanza. Huuliza: ni mkodishaji gani aliye rahisi? Swali hilo lina mahali pake, nasi tutalifikia. Lakini lipo jingine lililolitangulia, ambalo lisipojibiwa urahisi wa bei hautafaa kitu: ni nani atakayelinda?

Kwanza tueleze kinachokodiwa, maana mtu hawezi kuchagua vema asichokifahamu. Seva ni kompyuta isiyozimwa, iliyounganishwa na intaneti usiku na mchana, ambayo kazi yake ni kuwajibu wanaoiuliza: mteja anayetazama bei ya debe la mawese, karani anayeingiza mauzo ya siku, mkurugenzi aliye safarini anayetaka kujua ghala lina nini. Makampuni ya kukodisha hununua kompyuta zenye nguvu, huzipanga kwa maelfu ndani ya majumba yenye umeme wa akiba na mitambo ya kupoza hewa, kisha huigawa kila moja kwa njia ya programu katika vyumba vingi. Kila mpangaji hupata chumba chake, chenye fungu lake la prosesa, la kumbukumbu na la diski, akakiona kana kwamba ni kompyuta nzima aliyo nayo peke yake. Ndiyo sababu kodi yake ni ndogo. Chumba kinachoitosha kampuni ya watu watano au kumi hupatikana kwa dola za Marekani 5 hadi 10 kwa mwezi.

Vyumba hivi hukodishwa kwa namna mbili. Kwa namna ya kwanza, mkodishaji hushika jembe pamoja na mpangaji: hufanya masahihisho ya programu, hutazama kama kuna mwizi, huweka nakala, na hutoza ada kubwa zaidi kwa kazi hiyo. Kwa namna ya pili, ambayo ndiyo yenye bei ya chini na ndiyo tunayoizungumzia, mkodishaji hutoa umeme, waya na mtambo. Mengine yote yako juu ya mpangaji. Hiyo ndiyo seva ya kujisimamia. Neno lenyewe ni tamu masikioni mwa watu wetu, ambao wamefundishwa kwa haki kwamba kujitegemea ni heshima. Lakini kujitegemea hakujapata kuwa maneno matupu. Ndani yake mna kazi, na kazi hiyo ina saa zake na mtu wake.

Tutoe mfano mmoja ulio wazi. Tarehe 1 Julai 2024 wataalamu wa kampuni ya Qualys walitangaza kasoro katika OpenSSH, programu ambayo mafundi wa seva ulimwenguni kote huitumia kuingia katika mitambo yao wakiwa mbali. Kasoro hiyo iliweza kumwingiza mtu asiye na neno la siri, ingawa kwa majaribio mengi, na kumpa mamlaka yote juu ya seva. Sahihisho lilikuwa tayari mara tu habari ilipotangazwa. Fundi aliyekuwa macho alihitaji dakika chache kuliweka, akaendelea na kazi zake. Asiyekuwa na fundi alibaki na mlango ulio wazi, na huenda hakujua hata kwamba ana mlango. Wala hawezi kumlaumu mkodishaji, kwa maana katika mkataba wa kujisimamia si wajibu wa mwenye nyumba kumwamsha mpangaji usiku amwambie kwamba kitasa chake kimeoza.

Wala asifikiri mtu wa Gitaza au wa Rutunga kwamba kampuni yake ni ndogo mno, hata wezi wa mbali hawaijui. Wezi hawa hawachagui kwa jina. Wana programu zinazozunguka intaneti yote zikijaribu kila anwani, na seva mpya haimalizi hata siku moja kabla ya kuanza kugongewa na wanaobahatisha maneno ya siri. Wakiipata, si lazima waibe daftari la mawese. Huweza kuitumia kuwashambulia wengine au kutuma barua za ulaghai, na jina litakaloonekana ni la kampuni yetu.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama orodha yoyote ya bei, mwenye kampuni amtaje fundi wake kwa jina. Awe ni mtu anayejua mfumo wa Linux, aliye tayari kufanya mambo yafuatayo bila kukumbushwa: kuweka masahihisho ya programu kila wiki, na yale ya hatari siku ile ile, kuzuia kuingia kwa neno la siri na kutumia ufunguo maalumu ulio ndani ya kompyuta yake, kufunga milango yote ya seva isipokuwa ile inayotumika, kusoma kumbukumbu za walioingia na walioshindwa kuingia, na kuhakikisha kwamba nakala ya akiba ipo na inafunguka. Katika kazi ya ulinzi, lindo halihesabiwi kuwa lina mtu mpaka ijulikane ni nani aliye zamuni saa hii na ni nani atakayempokea. Vivyo hivyo hapa: fundi mmoja hatoshi. Awepo wa pili anayejua funguo ziliko, kwa maana mtu huugua, husafiri, hupata kazi bora kwingine.

Hapo ndipo hesabu ya urahisi inapobadilika sura. Seva ya dola 6 kwa mwezi ni dola 72 kwa mwaka. Hakuna fundi anayejiheshimu atakayelinda lindo la mwaka mzima kwa dola 72. Gharama ya kweli ya seva ya kujisimamia ni mtu, si mtambo; na mwenye kampuni anayejivunia kuokoa dola 2 kwa mwezi kwa kumchagua mkodishaji huyu badala ya yule, huku hana fundi, amefunga dirisha akaacha mlango.

Je, tunasema kampuni ndogo zisikodi? La hasha. Tunasema mambo mawili. La kwanza, asiye na mlinzi asikodi nyumba tupu. Achukue huduma ya tovuti ya kawaida, ambayo mkodishaji huilinda mwenyewe, au seva inayosimamiwa, alipe zaidi kidogo na alale usingizi. Kampuni inayohitaji ukurasa mmoja tu wa kuonyesha bidhaa zake na namba ya simu haina haja ya seva yake yenyewe. La pili, kampuni nne au tano za mwambao mmoja zinaweza kumwajiri fundi mmoja kwa pamoja, na msaidizi wake. Vijana wanaohitimu masomo ya kompyuta Bujumbura wapo, na wengi wao wanatafuta kazi. Wavuvi wetu wanajua kwamba wavu mkubwa hauvutwi na mtu mmoja. Hatuoni kwa nini wauza mawese, wauza samaki na wenye maduka ya vifaa wasishirikiane kumlipa mlinzi mmoja wa daftari zao.

Baada ya mlinzi kupatikana, sasa tumtafute mwenye nyumba.

Jambo la kwanza la kumpima mkodishaji, kwa hali ya nchi yetu, ni namna ya kumlipa. Makampuni yanayofahamika zaidi kwa seva za namna hii, kama OVH ya Ufaransa, Hetzner na Contabo za Ujerumani, au DigitalOcean ya Marekani, hudai kodi yao kwa fedha za kigeni, na kwa kawaida kwa kadi ya benki. Hawapokei faranga za Burundi. Sote tunafahamu jinsi fedha za kigeni zilivyo adimu nchini. Tena Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipobadili kiwango cha faranga, dola moja iliyokuwa kwa faranga 2,100 hivi ilifika karibu faranga 2,900. Kodi ya dola 10, iliyokuwa faranga 21,000, ikawa faranga 29,000 bila mkodishaji kuongeza hata senti moja. Na hiyo ni kwa kiwango rasmi tu.

Hatari iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, si kupanda kwa kodi. Ni kuchelewa kwake. Mkodishaji wa ng'ambo hajui kwamba benki ilikuwa haina dola wiki ile. Mtambo wake huhesabu siku. Zikitimia huzima seva, na zikizidi huifuta pamoja na vyote vilivyomo. Basi mwenye kampuni aulize kwa maandishi kabla ya kutia sahihi: nikichelewa kulipa, seva itazimwa baada ya siku ngapi, na itafutwa baada ya siku ngapi? Asiyetoa jibu la wazi aachwe. Anayekubali kuwekewa fedha mapema, zikakatwa mwezi hadi mwezi, apewe upendeleo, ili kampuni iweke akiba ya miezi mitatu au minne wakati dola zinapopatikana.

Hapa inatupasa kugusa desturi moja iliyoenea. Kwa kuwa kadi ni shida, mwenye kampuni humwomba ndugu aliye Ubelgiji au Kanada alipie kwa kadi yake, na ndugu hufungua akaunti kwa jina lake mwenyewe. Msaada huo ni wa heshima, nasi hatuubezi. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mbele ya mkodishaji, seva hiyo si ya kampuni ya Muhuta; ni ya yule ambaye jina na barua yake ya elektroni vimeandikwa. Kadi ikiisha muda, ndugu akihama, wakigombana kwa mambo ya urithi yasiyohusu biashara, kampuni itabisha hodi kwenye daftari lake yenyewe na kukataliwa. Ndugu na alipe kama ameridhia, ila akaunti iwe kwa jina la kampuni, kwa anwani ya barua ambayo kampuni inaimiliki. Hali kadhalika jina la tovuti, liwe lenye herufi za nchi yetu, yaani .bi, au jingine lolote, lisajiliwe kwa jina la kampuni wala lisiwe la fundi.

Jambo la pili ni mahali. Nuru inayobeba habari ndani ya waya wa kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Ni mwendo wa ajabu, lakini una mwisho. Kutoka Bujumbura hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo swali kwenda na jibu kurudi haviwezi kupungua sehemu 60 za elfu za sekunde. Nao waya haunyooki: hushuka hadi pwani ya Bahari ya Hindi, ukazunguka baharini, ndipo ukafika Ulaya. Programu ya hesabu inayouliza na kujibiwa mara ishirini kabla ya kufungua ukurasa mmoja itamweka karani akingoja kwa sekunde kadhaa, kutwa nzima. Nairobi haifiki kilomita 900 kutoka Bujumbura, Dar es Salaam ni kilomita 1,150 hivi, na Johannesburg, ambako wakodishaji wa kimataifa kama Vultr wameweka vituo, ni kiasi cha kilomita 2,500.

Lakini ukaribu wa ramani si lazima uwe ukaribu wa waya. Huenda habari ya kwenda nchi jirani ikazungushwa Ulaya kwanza kwa sababu ya mikataba ya makampuni ya simu. Dawa yake ni kupima. Wakodishaji wengi wana anwani za majaribio zilizo wazi kwa kila mtu, na wengi hukodisha kwa saa au kwa mwezi. Fundi akae pale pale Muhuta, kwa mtandao ule ule wa simu utakaotumiwa na karani, apime asubuhi, apime jioni watu wanapokuwa wengi hewani, apime siku ya mvua. Kipimo cha siku saba kina ukweli zaidi ya tangazo lolote.

Bahari nayo ina mambo yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwa Afrika, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikaona intaneti ikizorota kwa siku kadhaa. Miezi michache kabla yake nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu. Siku za namna hiyo seva iliyo Ulaya inaweza kuwa nzima kabisa, inafanya kazi bila kasoro, lakini karani wa Muhuta asiifikie. Seva iliyo Bujumbura ingeendelea kufikiwa na wateja wa Bujumbura, maadamu makampuni ya mawasiliano yanabadilishana habari zao humu humu nchini. Hii ni hoja yenye uzito. Upande wa pili wa mizani kuna umeme na mafuta ya jenereta, ambavyo uhaba wake tumeuonja vya kutosha. Uzalendo wa kweli haumtaki mtu aweke daftari lake mahali pasipo na umeme kwa sababu tu mahali hapo ni kwao. Unamtaka aulize kwa makini: jenereta ni ngapi, mafuta ya siku ngapi, betri za saa ngapi? Akiridhika na majibu, apendelee cha nyumbani.

Jambo la tatu, na ambalo tungetamani lisomwe mara mbili, ni nakala ya akiba. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka katika vituo vya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja la orofa tano liliteketea lote, na jingine likaungua sehemu. Kwa bahati njema hakuna aliyeumia. Mamilioni ya tovuti yalizimika, na wako wapangaji waliopoteza kila kitu, wakiwamo waliokuwa wamelipia nakala za akiba, kwa kuwa nakala hizo zilikuwa zimewekwa katika jengo lile lile lililoungua. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliwapa haki, ikisema nakala ilipasa kukaa mbali na kile inachokiakibia. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, ila haikurudisha daftari la mtu.

Wala tusidhani kwamba hayo huwapata wanyonge tu. Septemba 2025, mjini Daejeon, moto uliunguza kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, moja ya nchi zilizoendelea sana kwa kompyuta, na hazina ya nyaraka za watumishi wa serikali yenye terabaiti 858 ikapotea, kwa sababu haikuwa na nakala mahali pengine.

Sisi wa mwambao huu hatuhitaji kwenda mbali kutafuta somo hilo. Machi 2015 mlima uliporomoka Gitaza, ukafukia nyumba na kuifunga barabara kuu ya kwenda Rumonge. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika makazi ya watu pwani ya Rumonge. Familia iliyokuwa imeweka vyeti vya watoto kwa jamaa aliye mlimani ilivikuta. Iliyoviweka vyote chini ya godoro moja ilivikosa. Seva ni vivyo hivyo. Sheria ya mafundi ni rahisi kukumbuka: daftari liwe na sura tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja iwe mbali na nyingine. Kwa kampuni ndogo maana yake ni hii: daftari lenyewe katika seva, nakala ya pili kwa mkodishaji mwingine, katika mji mwingine, na nakala ya tatu katika diski ndogo, iliyofungwa kwa neno la siri, iliyo mikononi mwa mwenye kampuni. Wakodishaji wengi hutoza takriban sehemu moja ya tano ya kodi kwa kuweka nakala. Mtu achukue huduma hiyo, ila asiihesabu kuwa ni nakala ya pili mpaka ajue imewekwa jengo gani.

Akiba haiozi, walisema wazee. Lakini akiba ya kompyuta huoza kimya kimya. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Kila mwanzo wa mwezi fundi achukue nakala ya mwisho, aifungue katika seva tupu, na karani athibitishe kwa macho yake kwamba mauzo ya wiki iliyopita yamo. Zoezi hilo huchukua saa chache. Likifanywa mara sita, kampuni imepata pamoja na usalama uhuru mkubwa: inaweza kumwacha mkodishaji yeyote kwa siku moja. Aliye na nakala inayofunguka hababaishwi na mwenye nyumba anayepandisha kodi ovyo.

Yako mambo mengine ambayo tutayapitia kwa haraka. Wakodishaji hutangaza kwamba seva zao huwa hewani kwa asilimia 99.9 ya wakati. Katika mwezi wa siku 30 hiyo ina maana ya kuzimika kwa dakika 43. Asilimia 99 ina maana ya zaidi ya saa saba. Tofauti inayoonekana ndogo katika tangazo ni kubwa siku ya gulio. Zaidi ya hayo, ahadi ikivunjwa fidia huwa ni sehemu ya kodi yenyewe, yaani senti kadhaa, wala si mauzo yaliyopotea. Fundi ahakikishe pia kwamba mkodishaji ana njia ya dharura ya kuingia katika seva hata mlango wa kawaida ukijifunga, la sivyo kosa moja dogo la kuandika litamfungia nje. Achague mfumo unaopewa masahihisho kwa muda mrefu, kama Debian, au matoleo ya Ubuntu yanayotunzwa kwa miaka mitano. Maana waliochagua CentOS 8 walitegemea kutunziwa hadi 2029, wakaambiwa Desemba 2020 kwamba mwisho ungekuwa Desemba 2021. Asijaribu kuendesha ofisi ya barua za elektroni ndani ya seva hiyo, kwa kuwa wakodishaji wengi huufunga mlango wa kutuma barua, na barua zinazotoka katika seva changa hutupwa na wapokeaji. Tena aanze na kidogo: kumbukumbu ya gigabaiti 1 au 2 inawatosha makarani wachache, na kuongeza baadaye ni kazi ya dakika chache. Asivutwe na punguzo la kulipa mwaka mzima kabla hajaishi katika nyumba hiyo mwezi mmoja.

Haya yote tumeyaelekeza kwa wenye kampuni. Ingekuwa si haki tukiwaacha wengine. Makampuni ya mawasiliano yaliyoko Bujumbura, ambayo yamenufaika na mkongo wa taifa uliotandazwa kwa jasho la nchi, yana soko mbele ya macho yao. Kampuni ndogo za Muhuta, Rumonge, Gitega na Ngozi zinataka kitu kimoja kisicho cha fahari: chumba cha seva kilicho nchini, kwa bei iliyoandikwa wazi, inayolipwa kwa faranga kupitia benki au simu ya mkononi, na mkataba unaosomeka. Watakaotangaza bei zao bayana, wakaonyesha jenereta zao na kueleza nakala zinawekwa wapi, watapata wapangaji. Kila faranga inayolipwa humu ni dola moja ndogo isiyotafutwa benki. Na wakuu wanaohusika na sarafu na mawasiliano twawaomba waione kodi ya seva kama wanavyoiona mbolea au vipuri: ni kitendea kazi. Mfanyabiashara mdogo anayehitaji dola 10 kwa mwezi kulinda hesabu zake asilazimike kupita vichochoroni kuzitafuta.

Vyuo navyo vina lao. Mhitimu anayeweza kueleza nadharia ya kompyuta lakini hajapata kuokoa seva iliyokufa ni sawa na baharia asiyepanda mtumbwi. Mwanafunzi apewe seva ndogo, ailinde kwa muhula mzima, na siku moja mwalimu wake aifute bila taarifa. Atakayeirudisha kabla ya jua kuchwa ndiye fundi tunayemhitaji mwambao huu.

Tunarudia, kwa ufupi, ili pasiwe na shaka. Mwenye kampuni ndogo asimchague mkodishaji kabla ya kumtaja mlinzi. Akiisha kumpata, amchague mkodishaji anayelipika kwa hali yetu, anayefikika kwa vipimo vya hapa hapa, na asiye na uwezo wa kumshika mateka, kwa kuwa nakala imo mikononi mwake mwenyewe. Bei iwe ya mwisho katika maswali. Nyumba ya kupanga ikiungua, mpangaji mwenye daftari lake mkononi huhamia nyingine kesho yake na kufungua duka. Asiye nalo hulia pamoja na mwenye nyumba, na machozi yao si sawa: mwenzake ana bima.